Kifaa cha kusomea vitabu kinakataa waifai ya nyumbani, simu zote zinakubali. Tatizo liko wapi?

#1 Binti wa Bwiru
Mwangaluka wakuu.

Naomba msaada wenu. Mzee wangu amestaafu na macho yake hayaziwezi tena herufi za gazeti. Kaka aliyeko Marekani akamletea kifaa cha kusomea vitabu, kile cha skrini ya wino isiyong'aa, toleo la 2018. Mzee anakuza herufi mpaka zimtoshe, anakaa barazani jua likiwa kali na anasoma bila kukunja uso. Amerudi kuwa mtu wa vitabu kama tulivyomjua zamani, na mimi sitaki hiki kitu kiishie kabatini.

Tatizo ni waifai ya nyumbani. Simu yangu, simu ya mzee, televisheni na kompyuta mpakato vyote vinaingia. Hiki kifaa kuna wakati jina la waifai yetu hakilioni kabisa, ila ya majirani kinayaona. Wakati mwingine kinaliona, naweka nenosiri, kinazunguka weee, mwisho kinasema hakiwezi kuunganisha. Nikiwasha hotspoti ya simu kinaingia papo hapo.

Rauta ni mpya, ya antena nne. Kifaa kilikuja baada ya ile ya zamani kuondolewa, kwa hiyo siwezi kusema kama ingekikubali. Kampuni ya kifaa na ya mtandao sizitaji, nataka kuelewa chanzo tu.

#2 SangaraMbichi
Naweka kambi hapa. Shemeji yangu analia na jambo hilihili hosteli.

#3 Ngosha wa Igoma
Dada, anza na yaliyo rahisi. Chomoa rauta kwenye umeme, iache ipoe kidogo, rudisha. Halafu kifaa chenyewe ukizime kabisa, maana kubonyeza na kuachia kunakilaza tu. Kama ni Kindle, vile vya kampuni ya Amazon, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 40, itajiwasha upya yenyewe. Ukimaliza, futa jina la waifai kwenye kumbukumbu yake uliingize upya kama mgeni.

Na angalia alama ya ndege juu ya skrini. Wazee wetu wakigusagusa, ile hali ya ndegeni inawaka bila wao kujua.

#4 FundiNyakato
Ngosha, kama hotspoti inaingia basi alama ya ndege haipo. Soma mada vizuri.

Binti, rauta yako ya antena nne inarusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Vifaa vingi vya kusomea vya miaka ile vinasikia 2.4 peke yake. Mfano Kindle Paperwhite ya 2018 ni 2.4 tu, ni ile ya 2021 ndiyo iliyoongezewa 5. Rauta mpya nyingi zinaunganisha mawimbi yote mawili chini ya jina moja na kujiamulia zenyewe nani aende wapi. Simu haijali, inacheza kotekote. Kifaa chenye sikio moja kinasukumwa kule kisikosikia.

Dawa: ingia kwenye mipangilio ya rauta, tenganisha majina. Moja liwe la 2.4, lingine la 5. Kifaa cha mzee kiingie la 2.4. Nimelifanya hili nyumba nyingi Nyakato na Buzuruga, na huwa linakubali.

#5 Kijana wa Mabatini
Kwani 5G imeshafika hadi ndani ya rauta za Bwiru? Mimi simu yangu inasoma 4G na mtandao wenyewe wa kuvizia.

#6 Dada wa Kirumba
@Kijana wa Mabatini hivyo ni vitu viwili tofauti. 5G ni kizazi cha tano cha mtandao wa simu, unatoka mnarani. Gigahezi 5 anayoisema fundi ni masafa ya wimbi linalotoka kwenye rauta ya hapo sebuleni. Rauta inaweza kuwa na gigahezi 5 hata kama laini iliyomo ndani ni ya 3G.

#7 Kijana wa Mabatini
Sawa dada, nimekuelewa. Basi hata mimi nyumbani nina 5 na nilikuwa sijui.

#8 Nshomile wa Kashai
Nawasalimu kutoka Bukoba, upande wa pili wa maji.

Fundi amesema kweli ila ameruka neno moja la mleta mada: Marekani. Wimbi la 2.4 limegawanywa kwenye chaneli. Marekani kwa kawaida wanaishia chaneli ya 11. Sehemu kubwa ya dunia tunafika 13. Rauta zinazouzwa huku nyingi zimewekewa mpangilio wa nchi unaoruhusu mpaka 13, na zikiachiwa zijichagulie zinaweza kuangukia 12 au 13. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huko hakisikilizi kabisa. Hakitakwambia kuna kosa, jina halitaonekana tu! Na ndicho anachokisema Binti: "kuna wakati jina hakilioni kabisa, ila ya majirani kinayaona".

Namba zenyewe hizi: chaneli 1 iko megahezi 2412, ya 11 iko 2462, ya 13 iko 2472. Tofauti ni ndogo, ila kwa kifaa kilichofungiwa ni ukuta.

Weka chaneli kwa mkono, 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani zenyewe kwa zenyewe. Usiiache kwenye kujichagulia.

#9 Ngosha wa Igoma
Nshomile kaingia, shule imefunguliwa 😂 Bado atuambie alisoma wapi.

#10 Nshomile wa Kashai
Ngosha, kwanza ukubali kwamba alama ya ndege haikuwepo, ndipo tuongee habari za shule.

#11 Binti wa Bwiru
Asanteni sana wote. Niongeze jambo. Jana umeme ulikatika jioni, uliporudi jina la waifai likaonekana kwenye kifaa cha mzee, lakini nenosiri kikalikataa. Leo asubuhi jina limepotea tena. Nenosiri ni lilelile ninalotumia kwenye simu.

#12 Nshomile wa Kashai
Mnaona? Umeme umekatika, rauta ikawaka upya ikajichagulia chaneli nyingine, jina likaonekana. Usiku ikahama tena.

#13 FundiNyakato
Nshomile, hiyo inaeleza jina kupotea. Haielezi jina kuonekana halafu mlango usifunguke. Kama iko chaneli ya 6 na kifaa kinaiona, kwa nini kisiingie?

#14 Dada wa Kirumba
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Mimi nashughulika na kompyuta za ofisi, na kesi za namna hii mara nyingi naikuta kwenye usalama wa waifai. WPA3, aina mpya ya ulinzi wa waifai iliyoifuata WPA2, ilitangazwa mwaka 2018. Kifaa cha mwaka huohuo kimezaliwa kinajua WPA2. Rauta mpya ikiwa kwenye WPA3 pekee, kifaa cha zamani kitaliona jina, kitapokea nenosiri sahihi, na bado kitakataliwa, kwa sababu namna ya kusalimiana mlangoni imebadilika. Ujumbe unaoupata ni uleule wa "haiwezi kuunganisha", na mtu anahisi kakosea nenosiri.

Kuna hali ya mchanganyiko, WPA2 na WPA3 pamoja. Hiyo nayo inavikwaza baadhi ya vifaa vya zamani, hasa kama ulinzi wa fremu za usimamizi, yaani ujumbe ambao rauta na kifaa hutumiana kuendesha muunganisho, umewekwa kuwa wa lazima. Weka WPA2 peke yake, aina ya AES, ujaribu.

Kama rauta ni ya Wi-Fi 6, kizazi kipya zaidi cha waifai, kuna jambo la pili. Vifaa vingine vya zamani vinachanganyikiwa na tangazo la rauta ya Wi-Fi 6 mpaka visilione jina kabisa. Upande wa 2.4 zima hiyo hali, na upana wa chaneli uwe megahezi 20 badala ya 40.

Kwa hiyo jina kupotea si lazima iwe chaneli ya 13.

#15 Mama Pamba Road
Nyie mnakwenda mbali. Mimi nina duka la dawa mjini na rauta ndogo ya mfukoni. Hizi ndogo zina kikomo cha vifaa, nyingi ni kumi hivi. Wafanyakazi, wateja waliowahi kupewa nenosiri, televisheni, mashine ya malipo, nafasi zinajaa. Anayekuja mwisho anakataliwa bila maelezo. Nikibadilisha nenosiri wote wanatoka, naanza kuwapa upya ninaowataka. Binti, nani na nani wana nenosiri lenu hapo Bwiru?

#16 Binti wa Bwiru
Mama, watoto wa majirani wote wanalo 😅 Wakitoka shule wanakaa ukutani kwetu. Mzee mwenyewe ndiye anayewagawia, hataki nibadilishe.

#17 Mama Pamba Road
Basi umepata jibu. Angalia kama asubuhi wakiwa shule kinaingia.

#18 FundiNyakato
Mama, rauta yake ni kubwa ya antena nne, kikomo chake hakiwi kumi. Ila kuna kinachofanana na hicho. Rauta inagawa anwani za IP, yaani namba ambayo kila kifaa hupewa ili kitambulike kwenye mtandao, kutoka kwenye fungu lenye mwisho. Kama aliyefunga aliweka fungu dogo, anwani zinaisha. Kifaa kinapokea nenosiri, kinasubiri anwani, haiji, kinakata tamaa. Simu ambazo tayari zina anwani zinaendelea kama kawaida. Na umeme ukikatika fungu lote linaanza upya.

#19 Mwalimu wa Nansio
Habari za jioni kutoka Ukerewe. Nami nichangie, maana shuleni kwetu tuna vifaa vya namna hii vya msaada na nimeteseka navyo.

Baada ya likizo ndefu tulivikuta betri zimekufa kabisa. Tukavichaji, vikawaka, vikaunganishwa na waifai ya ofisi, ila hakuna kitabu kilichoshuka hata kimoja. Chanzo kilikuwa saa. Betri ikiisha kabisa kifaa kinaweza kusahau tarehe na kurudi miaka ya nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kifaa kinachodhani bado ni zamani kinaviona vyeti havijaanza kazi, kinagoma kuzungumza na tovuti. Tuliweka tarehe na saa kwa mkono, vitabu vikaanza kushuka wanafunzi wakiangalia. Ile furaha yao ndiyo inanifanya niandike hapa.

Binti, hebu angalia saa ya kifaa cha mzee.

#20 Nshomile wa Kashai
Mwalimu, mchango wako ni wa thamani, ila tutenganishe mambo mawili. Kuna kuingia kwenye waifai na kuna kupata intaneti ukishaingia. Saa mbovu inavuruga hilo la pili. Kifaa cha mleta mada hakijavuka hata mlango wa kwanza.

#21 Mwalimu wa Nansio
Ni kweli, ila usifunge mjadala mapema. Kuna vifaa ambavyo vikishaunganishwa vinajaribu kuwasiliana na makao makuu yao kuona kama intaneti ipo. Visipojibiwa vinajitoa na kusema havijaunganishwa. Kwa mtumiaji yote hayo yanafanana. Na Binti hajatuambia ujumbe unasemaje neno kwa neno.

#22 Mzee wa Kazi
Kuna kitu cha mwaka 2016. Amazon walisema Kindle ambazo hazijapokea sasisho kabla ya tarehe 22 Machi 2016 hazitaingia tena mtandaoni mpaka usasishe kwa waya. Nadhani ndilo hilo.

#23 Dada wa Kirumba
Hilo liliwahusu wa matoleo ya 2012 kurudi nyuma. Kifaa cha 2018 hakimo. Ila kuna tarehe inayofanana nayo: 30 Septemba 2021 cheti kikuu kimoja kilichokuwa kinategemewa na tovuti nyingi kiliisha muda, na vifaa vya zamani visivyosasishwa vikaanza kukataliwa na tovuti hizo. Kusasisha ni muhimu, na hotspoti ya simu inatosha kwa kazi hiyo. Binti, kiunganishe na hotspoti, kiache kwenye chaji usiku, kijisasishe kwanza.

#24 Jiwe la Capri
Wote mmesahau tunaishi wapi. Mwanza ni mawe! Bwiru nyumba zimeegemea miamba, na nyingine jiwe limeingia mpaka uani. Gigahezi 2.4 ina urefu wa wimbi kama sentimita 12 na nusu, gigahezi 5 kama sentimita 6, na zote mbili zikikutana na granaiti nene zinabaki huko. Ongeza nondo za ukuta na mabati ya paa. Simu ina antena nzuri, kifaa cha kusomea kina antena ndogo ya kubania chaji. Mzee anakaa barazani, rauta iko sebuleni, katikati kuna nini?

#25 Kijana wa Mabatini
Na ziwa je? Mimi nimesikia unyevu wa ziwa unakula mawimbi, ndiyo maana mwambao mtandao ni wa shida.

#26 Jiwe la Capri
Maji yenyewe yanakula mawimbi, ndiyo. Ukiweka tangi la lita elfu moja kati ya rauta na chumba utaona. Lakini unyevu wa hewani kwa umbali wa sebuleni hadi barazani haufanyi lolote la maana. Ziwa tulisamehe, tubaki na mawe.

#27 FundiNyakato
Ila kama ni mawe, ya majirani yanaonekanaje na ya ndani yapotee? Wale wako nyuma ya mawe mengi zaidi.

#28 Jiwe la Capri
Wengine wako juu yenu mlimani, wanawaona moja kwa moja kupitia baraza. Bwiru siyo tambarare kama Buhongwa fundi.

#29 Ngosha wa Igoma
Nami nina hoja ya umeme, msinicheke. Chaja ya rauta ikiwa dhaifu, mfano rauta inataka volti 12 na amperi 2, ukaichomekea ya amperi 1 kwa sababu ile ya kwake iliungua, rauta itawaka na taa zote zitawaka. Lakini ikipata kazi nyingi inalegea au inajizima na kuwaka. Jioni umeme ukiwa mdogo ndiyo zaidi. Hiyo inaeleza jina kuja na kupotea kuliko hadithi za Marekani. Tumia betri ndogo ya akiba ya rauta, zinauzwa mjini, zinashikilia volti na umeme ukikatika haizimi.

#30 Nshomile wa Kashai
Ngosha, leo umesema jambo zito. Sicheki.

#31 Binti wa Bwiru
Nimefanyia kazi mnayosema, narudi na majibu:

Saa ya kifaa ni sahihi. Chaja ya rauta ni ya amperi 1.5, chini ya rauta pameandikwa 2. Hotspoti ya simu yangu nimeikuta imewekwa 2.4 na WPA2. Rauta iko kwenye kujichagulia chaneli, leo ilikuwa 9. Usalama ni ule wa mchanganyiko.

Na mzee ananiambia alfajiri huwa kinaingia chenyewe, ila mimi nikiamka nakuta kimeshatoka.

#32 Mama Pamba Road
Alfajiri watoto hawapo ukutani!

#33 Ngosha wa Igoma
Alfajiri umeme uko juu, na chaja ni ndogo kama nilivyosema!

#34 Nshomile wa Kashai
Alfajiri majirani wamelala, chaneli za chini ziko wazi, rauta inahamia huko!

#35 SangaraMbichi
Kila mtu amepata alfajiri yake.

#36 Dada wa Kirumba
Binti, jina la waifai yenu limeandikwaje? Uliza hata hili: kama ndani yake kuna kikato, mfano jina lenye ng', baadhi ya simu zinapoandika zinaweka kikato kilichopinda badala ya kilichonyooka. Kuna vifaa vya zamani vinavyokosea kulisoma jina lenye herufi hiyo. Nenosiri nalo, kama lina alama isiyopatikana kwenye kibodi ya kifaa cha mzee, mtu anaweka inayofanana nayo.

#37 Binti wa Bwiru
Dada! Jina ni "Ng'wetu Bwiru". Mdogo wangu aliliweka kwa simu.

#38 Dada wa Kirumba
Basi tumeongeza mshukiwa mwingine. Ushauri wangu: fungua mtandao wa wageni kwenye rauta. Jina fupi lisilo na alama, 2.4 pekee, WPA2. Chaneli 6 na upana 20 utaviweka kwa 2.4 yote ya rauta. Jina, nenosiri na usalama wa mtandao mkuu viache kama vilivyo, watoto wa mzee waendelee na shule yao ukutani.

#39 Mzee wa Kazi
Wakati mnahangaika, mzee asome. Vitabu si lazima vipite hewani. Chukua waya, unganisha na kompyuta, programu ya Calibre ni ya bure na inapanga na kubadilisha aina za faili. Ila waya uwe wa kupitisha data. Nyingi za mitaani zina nyaya za chaji tu ndani, kompyuta haitaona kitu na utadhani kifaa kimekufa.

#40 Nshomile wa Kashai
Naongezea: Amazon waliondoa Februari 2025 njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwao kwenye kompyuta ili uvihamishe kwa waya. Faili zako mwenyewe bado zinaingia kwa waya bila shida. Na PDF ya kurasa kubwa kwenye skrini ya inchi sita itamrudisha mzee kwenye herufi za gazeti. Tafuta EPUB, aina ya faili ya vitabu ambayo herufi zinakua utakavyo; kama kifaa ni Kindle, ibadilishe kwanza kwa Calibre.

#41 Mwalimu wa Nansio
Hilo la PDF nalisisitiza kwa moyo wote. Wanafunzi wanakata tamaa ukurasa wa kwanza.

#42 SangaraMbichi
Mimi nilikuwa nasoma sana kwenye foleni ya kivuko Kigongo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 navuka kabla sijafungua ukurasa.

#43 Ngosha wa Igoma
Sangara anadai kivuko kirudishwe 😂

#44 Binti wa Bwiru
Wakuu, KIMEINGIA. Nimefungua mtandao wa wageni kama alivyosema Dada wa Kirumba, na mdogo wangu ameleta chaja ya amperi 2. Tangu jana hakijatoka. Mungu awabariki.

#45 FundiNyakato
Safi sana. Ni 2.4 hiyo, nilisema tangu namba 4.

#46 Nshomile wa Kashai
Fundi, amebadilisha chaneli, usalama, jina na chaja kwa pamoja. Hatuwezi kujua. Binti, naomba urudishe kimoja kimoja. Anza na WPA3, kesho chaneli 13.

#47 Binti wa Bwiru
Kaka Nshomile, mzee amekataa kukitoa mikononi. Anasema wataalamu wasubiri amalize kitabu.

#48 Ngosha wa Igoma
Chaja imefanya kazi. Nimemaliza.

#49 SangaraMbichi
Sasa turudi kwa shemeji. Yeye hosteli kinaingia bila nenosiri, lakini kinasema hakuna intaneti. Simu inafungua ukurasa wa kuweka namba ya usajili, kifaa hakifungui.

#50 Dada wa Kirumba
Huo ni ukurasa wa kuingilia. Afungue kivinjari kilichomo kwenye kifaa aandike anwani yoyote ya http isiyo na s, ukurasa utajitokeza. Ukigoma, ampe anayesimamia mtandao anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, ipo kwenye mipangilio, akiruhusu moja kwa moja. Mwambie alete majibu hapa.

#51 SangaraMbichi
Namtumia sasa hivi. Nikipata majibu narudi.